Insha ya Arobaini na Moja

Madaftari arobaini na moja mezani,
jalada moja linanuka dagaa.
Kiingereza, Kidato cha Kwanza B, Igombe.
Mada niliitoa mwenyewe Jumatatu:
Siku Niliyofurahi.

Thelathini na wanane wameanza vilevile:
asubuhi njema, jua linang'aa, ndege wanaimba.
Sentensi hiyo niliiandika ubaoni mwezi wa pili,
nikasema, huu ni mfano tu;
wakaibeba kama ndoo kichwani,
hakuna aliyemwaga hata tone.
Ndege walewale wameimba kwa Masalu,
kwa Bugingo, kwa Limi na pacha wake,
na kwa Salamba, aliyekosea mada akaandika msiba wa bibi yake,
ndege hawakunyamaza.

Vyema. Saba kwa kumi. Vyema. Saba kwa kumi.
Wawili wameacha kurasa nyeupe.

Halafu Nyanjura Mfungo, asiye na ndege.
Mama yake ni "hi" mstari wa kwanza,
"shi" mstari wa pili, wa tatu "hi" tena,
maana lugha aliyoinyonya haimwulizi mtu jinsia
kabla ya kumpa kitendo. A- inatosha:
anaanika, anachambua, anadaiwa.
Nikazungushia duara. Moja, mbili, sita.
Wakati uliopita haupo popote.
Kisha sentensi hii, imekaa peke yake
kama mtu aliyewahi kikao:
Nyumbani tunafurahi sana giza likiingia.

Nikapiga mstari. Mara mbili.
Pembeni nikaandika, kwa Kiingereza changu cha chuo:
Giza ni huzuni. Ulitaka kusema mwanga?

Kesho yake saa nne, wenzake wamekwenda kunywa uji,
amesimama mlangoni, daftari kifuani.
"Mwalimu, sikutaka kusema mwanga."
Kwa Kiswahili, ambacho ukutani juu ya kichwa chake
tumebandika kwamba hakiruhusiwi.
Sikumkumbusha ukuta.

"Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazimdanganyi dagaa.
Wavuvi wanalala, mama hana cha kununua, hana cha kuanika.
Tunakula mara moja.
Anahesabu kwa vidole, kumi na mbili, kumi na tatu,
mpaka giza lirudi, karabai ziwashwe,
ziwa liwe mji.
Hii sketi ni ya giza la mwezi wa tatu.
Viatu bado."

Mimi ni mtu wa Kishapu, wa pamba na vumbi.
Mwaka wa pili sasa nimepanga chumba
hatua mia mbili kutoka ufukweni;
nikiziona taa zile usiku nasema, pazuri hapa,
nafunga pazia.

Nikatafuta kifutio. Wino mwekundu haufutiki.
Ulikuwa umetoboa karatasi, ukatia doa
upande wa pili, kwenye insha ya wiki iliyopita:
Mimi Mwenyewe.

"'Hi' na 'shi' bado ni kosa," nikasema.
"Ndiyo, mwalimu."
"Na wakati uliopita."
"Ndiyo. Lakini giza halijapita, mwalimu. Linarudi kila mwezi."

Wakati wa mazoea.
Nilipanga kuufundisha wiki ijayo.

"Karabai kwa Kiingereza ni nini?"
Nikafungua kinywa, nikakifunga.
"Iandike hivyohivyo. Halafu nieleze
kama mtu asiyejua."
Akanitazama, akaona kwamba haitakuwa vigumu.

Ijumaa nikawafuta ndege ubaoni.
Darasa likakaa kama watu walioondolewa ngazi wakiwa darini.
Masalu akanyoosha mkono:
"Sasa mwalimu, tuanzie wapi?"
Chaki ilikuwa mkononi. Nilisema kitu, si kizuri sana,
nadhani nilisema, anzieni na harufu.
Bugingo akacheka. Nyanjura alikuwa ameshainama, anaandika.

Usiku ule mbalamwezi ilijaa mpaka kwenye mawe,
ziwani hapakuwa na taa hata moja.
Nikaacha pazia wazi.
Nikaanza kuhesabu kwa vidole.